Magoti Uliyoyaahidi

Mwaka umetimia, baba, tangu ile Jumanne ya Septemba ulipokaa kwenye stuli yako ndefu barazani Tabata, ukaomba chai, na chai ikafika ukiwa umeshaondoka. Daktari alisema ni moyo. Wewe miaka yote ulisema magoti ndiyo yatakayokuua, na hiyo ndiyo mara pekee ninayokumbuka magoti yako yalisingiziwa.

Baba mdogo Theonest, anayekufuata kwa kuzaliwa, aliniagiza mimi Auleria niandike tangazo hili kwa sababu ni mwalimu na nina mwandiko mzuri. Alinitumia na mfano alioukata gazetini: picha yenye tai, msalaba, mstari wa Zaburi, majina ya ndugu kwa ukubwa wao, basi. Maneno hamsini, akasema, yasizidi, na mambo ya hospitali usiyatie. Hamsini yameshapita na mambo ya hospitali ndiyo kwanza naanza.

Nalibandika kwenye ubao wa jumuiya, kwenye geti la machinjio kule Vingunguti, na nalituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Anayetaka kujitoa kwenye kundi ajitoe. Hatutamfuata.

Ulibeba nyama pale Vingunguti miaka thelathini na mmoja. Robo ya ng'ombe begani, kutoka kwenye ndoano mpaka kwenye gari la mteja, sakafu inateleza kwa maji na damu, na lazima ukimbie hatua fupi fupi kwa sababu ukitembea taratibu mzigo unakushinda. Koti lako jeupe mama alilifua kila siku na hatukuwahi kuliona likiwa jeupe. Hukuingia ndani bila kuoga kwanza kwenye bomba la nje. Jumamosi ulituletea figo mbili zimefungwa kwenye gazeti, ukazichoma mwenyewe, na mdogo wangu Fredrick ndiye aliyepewa iliyo kubwa, jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe.

Tulioishi nawe tulikujua kwa sauti. Goti la kulia lililia ukiinuka, la kushoto ukikaa. Ngazi tatu za barazani ulizishuka kinyumenyume, mkono ukutani, na watoto wa jirani wakadhani ni mchezo wakawa wanakuiga. Ulilala na mto chini ya magoti. Kanisani ulibaki umesimama wakati wote wamepiga magoti, na kuna mama mmoja wa jumuiya, namjua na anajua kwamba namjua, aliyesema una kiburi mbele ya Sakramenti. Mama huyo alikuja msibani akala sahani mbili.

Kwenye habari ya dawa, mtaa mzima ulikuwa na shahada ya udaktari. Kunywa supu ya makongoro, uteute utarudi. Jipake mafuta ya nyonyo. Funga kitambaa chekundu. Ni baridi ya Bukoba uliyokua nayo, ni jicho la watu, ni uzee tu, vumilia. Mama alikuchemshia makongoro miaka kumi, na aliyenufaika ni paka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mtu anaweza kubeba ng'ombe wangapi kabla goti lake halijaisha. Swali hilo lilikuja kuulizwa na binti mmoja mfupi mwenye miwani, aliyeingia machinjioni na daftari na kipimapembe cha plastiki.

Huyo ndiye Dk. Hope. Alikuwa anafanya utafiti wa mifupa, viungo na misuli ya watu wanaobeba mizigo mizito. Alikwambia vitabu alivyosomea vimejaa magoti ya wazee wa nchi nyingine, ambao hawajawahi kubeba hata mguu wa mbuzi, na goti kama lako halimo humo. Wenzako walimkimbia. Mmoja alisema anatafuta damu. Mwingine alisema ametumwa na matajiri wa machinjio kuwajua waliochoka ili wafukuzwe. Jabiri, uliyebeba naye miaka ishirini, alimjibu akiwa anatembea: "Sista, mie magoti yangu hayapendi kupimwa. Sie tunabebaga tu, tukichoka tunakunywa chai."

Wewe ulikaa kwenye kreti ukakunja suruali. Akakuandika mshiriki namba moja.

Siku hiyo ulirudi nyumbani umebeba tarakimu badala ya figo. Goti la kulia lilikuwa limekataa kunyooka kwa nyuzi ishirini na nane, la kushoto nyuzi ishirini na moja. Ukaniambia wewe si unafundisha hisabati, nichoree. Nikachora mstari ulionyooka, na mwingine ulioinuka kwa nyuzi ishirini na nane. Uliutazama mchoro ule muda mrefu, ukasema, kumbe ndiyo hii. Ukaukunja ukautia kwenye pochi.

Baada ya hapo hukutulia. Ndani ya miaka miwili ulimpelekea Dk. Hope watu arobaini na wanne, mmoja mmoja, wengine kwa kuwabembeleza, wengine kwa kuwatukana. Walikuita Profesa, kwanza kwa kejeli, halafu kwa mazoea. Jabiri alikuja wa mwisho, siku goti lake lilipomwangusha na paja zima la ng'ombe mbele ya mteja. Ulimwinua, hukumcheka, ukamwambia twende. Mimi nilikuletea daftari la shule lenye jedwali nyuma, na kila jioni uliandika humo maumivu kuanzia sifuri hadi kumi. Jumapili, nne. Mkesha wa Krismasi, kumi. Mkesha wa Idi, kumi, na pembeni umeandika: na Jabiri kumi. Hukuruka hata siku moja, wewe ambaye shule uliiacha darasa la nne.

Pasaka ya mwisho uliyokula nasi ndipo ulipotuambia. Ndizi zilikuwa mezani, baba mdogo Theonest amekuja kutoka Kimara na suti yake. Ukasema picha ya hospitali inaonyesha mfupa, lakini haionyeshi gegedu, ule mto wa kati ya mifupa, lilivyokwisha, na ili watu wajue limekwishaje ni lazima mtu alishike mkononi. Ukasema magoti haya mawili nimewapa. Siku yangu ikifika watakuja kuyachukua, watashona vizuri, kisha mtanizika. Mama aliweka kijiko chini na hakukishika tena siku hiyo.

Baba mdogo akafuta mdomo. "Waitu kaka," akasema kwa heshima ya Kihaya, "mtu wa ukoo wetu harudi kwa baba zake akiwa amekatwakatwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Ukacheka. Ukamwambia mkuu hapa ni mimi, na guu lilishavunjika zamani. Ukaendelea kula.

Barua ya ridhaa ilitaka jina la ndugu mmoja wa kupigiwa simu siku ya kifo, kwa sababu magoti hayasubiri: zikipita saa kumi na mbili hayafai tena kwa kazi yao. Dk. Hope alieleza mara mbili kwamba bila neno la ndugu huyo hatagusa kitu, hata barua iwe na saini kumi. Ukanitaja mimi. Wewe unapokeaga simu, uliniambia. Nikatia saini.

Na hapa nina neno nawe, baba. Ulikuwa na mke. Ulikuwa na mtoto wa kiume. Ulikuwa na ndugu wenye suti na sauti. Hukukaa nao hata mara moja ukawaeleza pole pole kama ulivyowaeleza wabeba nyama arobaini na wanne. Ulicheka, ukamaliza ndizi zako, ukaniachia mimi vita yako kama mtu anayeacha ufunguo kwa jirani. Nimekukasirikia mwaka mzima kwa hilo. Kukuheshimu hakunizuii kukwambia mbele ya watu.

Ulikufa saa mbili asubuhi. Saa nne baraza lilikuwa limejaa wanaume wa ukoo ambao hatukuwaona ulipokuwa unashindwa kuvaa soksi. Jabiri ndiye aliyempigia Dk. Hope, na Dk. Hope akaenda moja kwa moja mochwari na sanduku la barafu, akakaa kwenye benchi kungoja neno langu. Nami nilikuwa kwenye mkeka na wanawake, simu mapajani. Baba mdogo alikuja akachuchumaa mbele yangu. Wakati ule alikuwa bado anaweza kuchuchumaa.

"Simu hiyo ikilia unajua la kufanya," akaniambia. "Ukiwaruhusu wamkate kaka yangu, kaburini usije."

Ililia. Ililia mara saba. Mama alinitazama na mimi nikatazama mkeka. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina darasa la watoto sabini wanaonyamaza nikiinua kidole, na niliogopa kufukuzwa kwenye kaburi la baba yangu. Nikaizima. Nikasema imeisha chaji. Ilikuwa na asilimia themanini.

Dk. Hope aliondoka mochwari saa mbili usiku, barafu imekuwa maji. Sikujua hilo mpaka mwaka huu.

Kesho yake, mochwari, ukaja wakati wa kukuweka kwenye jeneza. Baba mdogo alikuwa amelichagua mwenyewe, lenye kioo usoni na vishikio vya dhahabu, na kipimo alichompa fundi ni urefu tu. Alisimama wima mbele ya yule fundi, akasema tunalingana. Hakuna aliyekupima kimo cha magoti. Kila mtu katika nyumba hii alijua kwamba miguu yako hailali chini, Dk. Hope alikuwa ameiandika kwa tarakimu, mimi nilikuwa nimeichora, mto uliokuwa ukiiegemeza ulikuwa bado kitandani. Hakuna aliyekumbuka. Nyuzi ishirini na nane, baba. Walipokulaza, magoti yalisimama juu ya kingo na kifuniko kikakataa kufunga.

Baba mdogo akatuamuru wanawake tutoke. Mhudumu wa mochwari naye akatoka. Wakabaki yeye na fundi.

Baba mdogo, najua unasoma. Nilikuwa dirishani.

Nilikuona ulivyovua koti la suti ukalitundika. Nilikuona ulivyoweka mikono miwili, halafu ukaongeza uzito wa mwili. Nilisikia la kwanza, nikasikia la pili. Kisha kifuniko kikafunga, ukatoka nje unajifuta kwa leso, ukatwambia tumemlaza vizuri. Na kule kwetu Muleba, kando ya kaburi kwenye kibanja cha babu, katikati ya migomba, ulisimama mbele ya ukoo ukasema kaka yangu amerudi mzima, na watu wakakupigia vigelegele. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako na nilinyamaza kwa mara ya pili.

Ndivyo ilivyokuwa, enyi ndugu mnaosoma. Kisu cha daktari, ambacho nyuma yake kulikuwa na sindano na uzi na mtu wa kuandika alichokiona, mlikikataa kwa sababu ni unajisi. Mkayavunja kwa mikono, na hakuna aliyejifunza lolote kutokana nayo. Alizikwa na magoti yaleyale yaliyomtesa, yakiwa mabovu zaidi ya alivyotuachia.

Mwezi uliopita, baba, nilikwenda kwa Dk. Hope. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, na kusema kweli ningependelea hivyo. Alinipa kiti akaniletea faili lako. Mshiriki namba moja. Kurasa za miaka miwili, kila mwezi umehudhuria, tena siku zote wa kwanza kufika. Halafu mstari wa mwisho: amepotea katika ufuatiliaji. Nikamwuliza maana yake. Akanieleza kuwa ndivyo watafiti wote wanavyoandika mtu akihama, akiacha kuja, au ndugu zake wasipopatikana. Hakusema kwa ubaya. Ni kanuni.

Hukupotea. Ulikuwa mahali pale ulipoahidi kuwa, umelala, unangoja. Mimi ndiye sikupatikana.

Nilimwomba aufute mstari ule. Alisema hawaruhusiwi kufuta, ila naweza kuongeza maelezo chini yake. Akanipa kalamu. Nikaandika kwa mwandiko huu huu mnaousifia: Mshiriki alitimiza yake yote. Mtoto wake alizima simu. Magoti yalivunjwa na ndugu ili jeneza lifunge. Nikaweka jina, tarehe na saini. Kisha nikatoa mkobani lile daftari la maumivu. Nilikuwa nimelificha chini ya unga siku ndugu walipogawana nguo zako, na wao hawakuliulizia, kwa kuwa halivaliki. Dk. Hope alilifungua akasoma ile ya mkesha wa Idi, na Jabiri kumi, akavua miwani. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama kila kitu, pamoja na nilichokiona dirishani. Alikuwa anaosha vyombo. Aliendelea kuosha mpaka vyombo vikaisha, akaanza kuviosha tena.

Jumapili iliyopita baba mdogo alikuja kupanga misa ya mwaka. Akapewa chai, akatoa maagizo, akaulizia maneno yangu hamsini. Wakati wa kuondoka akafika kwenye zile ngazi tatu. Akasita. Kisha akageuka, akaweka mkono ukutani palepale mkono wako ulipoacha weusi kwenye rangi, akaanza kushuka kinyumenyume. Mimi na mama tulitazamana. Alipofika chini akasema ni baridi tu. Ilikuwa saa saba mchana, Dar es Salaam.

Mama akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, mficha maradhi kilio humfichua. Nenda kwa yule binti akakupime. Na mimi nimeshasaini. Magoti yangu hayakubeba ng'ombe, lakini yameinama kwenye beseni miaka arobaini, na amesema anayataka. Siku yangu ikifika atapigiwa Auleria. Wewe na fundi wako mtasubiri nje mpaka daktari amalize."

Baba mdogo alinivuta pembeni getini akaniomba, kwa sauti ya chini, namba ya Dk. Hope. Nilimpa. Sikumpa kwa upendo, na asijidanganye. Nilimpa kwa sababu wewe ungempa, tena ungemsindikiza mpaka mlangoni ukimtukana njia nzima. Jumatano alikwenda. Amekuwa mshiriki namba mia moja na tatu, na goti lake la kulia limekataa kunyooka kwa nyuzi tisa. Zinaongezeka, baba mdogo. Mchoro nitakuchorea ukitaka.

Tangazo la namna hii huandikwa pumzika kwa amani. Sitaandika, kwa sababu naijua namna ulivyolazwa. Nitaandika kwamba wabeba nyama arobaini na wanne bado wanakwenda kliniki kila mwezi, na Jabiri ndiye anayewakusanya, na akikutana na mgumu humwambia Profesa alikuwaga anatukana vizuri kuliko mie, kwa hiyo nisikilize mapema. Nitaandika kwamba kurasa za daftari lako zimepigwa picha zote, na vijana wa hospitali wanazihesabu kumi zako. Huo ndio ukweli mzuri niliobaki nao. Ni mdogo kuliko ule uliouahidi, na wa kulaumiwa kwa upungufu huo ni mimi kwanza.

Misa itasomwa Jumamosi saa moja asubuhi, parokiani Tabata. Wasioweza kupiga magoti wasimame bila haya. Yule mama wa jumuiya atupishe.

Wanaokukumbuka ni mkeo Bernadeta, ambaye bado anachemsha makongoro kwa mazoea na paka bado ananufaika, mwanao Fredrick, anayekula figo zote mbili peke yake siku hizi na hazimpiti vizuri kooni, wajukuu zako, wanaoshuka ngazi kinyumenyume bila kujua walijifunza kwa nani, Jabiri na wenzako wote wa Vingunguti, na Dk. Hope, ambaye si ndugu, na alikungoja kuliko ndugu. Theonest nimemwandika pia. Mama amelazimisha.

Hatutakusahau, baba, leo wala siku yoyote. Na mimi binti yako Auleria, uliyenichagua kwa kuwa napokea simu, simu yangu siizimi tena.